Lupemba ku Mugongo

Musonoi, tarehe 9 Januari 2023

Kwa Tata Kalonji, ku Kasaji

Moyo wako, tata. Magoti inakuwa je? Na mihogo, mvua haijaiozesha? Huku mi na mutoto yangu Chancelle tuko bazima. Yeye anakohoa kidogo, lakini ni ile kikohozi ya vumbi ya Musonoi, unaijua, inakuya na inaenda. Djafari atakuwekea barua hii mukononi, kamyo yake inapita kwenu kesho. Nilitaka kupiga simu, alafu nikakumbuka vile unaishika telefone mbali na kichwa na kusema "inapiga kelele tu". Masikio yako ilibakia ku lokomotivu, basi naandika.

Sitazunguka, tata. Mwana yako Glodi iko ku lopitali.

Najua jina yake haisemwi tena kwako. Tangu siku ile ulimuambia hutaki kuona uso yake tena, na yeye akabeba begi yake akakuya kuchimba madini huku, mi niko katikati kama mulango. Wewe unaniuliza habari ya "bale ba Musonoi", yeye ananiuliza habari ya "ule muzee". Kila mutu anajifanya hajauliza kitu. Leo utanisamehe, nitamutaja.

Alikuwa chini mu galeri, ile njia ya ndani ya shimo, Mulumba iko juu anavuta kamba. Mulumba ni rafiki yake, bako banachimba pamoja. Mvua ilinyesha mbali, huku hata tone haikuanguka, na maji ikatokea kutoka shimo ya jirani, ikajaza galeri yote. Mulumba alimutoa Glodi akiwa anatapika matope. Na uone sasa: alitembea mwenyewe mpaka ku malewa yangu, pale nauzisha chakula, akakaa ku benchi, akakula bukari na sombe, akachekesha bakiriya juu nguo ilikuwa inakauka ku mwili yake kama simenti. Mi nilimutukana, nikamuongezea samaki. Kesho yake kupumua ikaanza kuwa ya mbio, na vidole ikageuka rangi. Tulimupeleka ku pikipiki, yeye katikati, Mulumba nyuma anamushika asianguke.

Banganga banasema ile maji ya matope iliumiza mapafu, sasa imevimba na imejaa maji yake yenyewe. Mashini kubwa ya kupumulisha mutu iko moja, na iko na mugonjwa mwingine. Glodi banamupa oksijeni ya mupira ku pua. Na banamulalisha kwa tumbo, uso chini, sehemu kubwa ya mchana na ya usiku. Banasema kwa sasa hiyo njo dawa.

Anakuulizia, tata. Ukiweza kuya, kuya. Kama haiwezekani, utume neno.

Ni mi binti yako,
Mianda


Kasaji, tarehe 14 Januari 2023

Mwana yangu Mianda,

Moyo wako, na moyo ya Chancelle. Mi niko. Magoti inalia kama freni ya zamani lakini inatembea. Mihogo iko muzuri, shida ni nguruwe ya jirani, ile haina heshima. Kikohozi ya mutoto usiichezee. Umufunike kifua asubuhi, na moshi ya makala ikae mbali naye.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Baba yangu mi balimutoa Kasai kumuleta kuingia mu shimo. Mi nililala chini ya mabehewa maisha yangu yote, mikono mu mafuta, juu batoto yangu basiingie mu shimo. Glodi aliniambia shimo ya siku hizi si ile ya zamani, siku hizi mutu anajichimbia mwenyewe. Sasa ameona. Maji haiulize unajichimbia ama unachimbia mutu mwingine.

Kuya siwezi. Njia imekatika kule kwa daraja, hata Djafari anapita kwa kusukumwa, na magoti nimekuambia. Na hata ningekuwa na miguu ya kijana, aliyeondoka ni yeye. Akipona anajua njia ya kwangu, haijahamishwa.

Lakini kuna kitu inanikatalia kulala. Munamulalisha kwa tumbo? Mutu mugonjwa? Kwetu mugonjwa analala akiangalia mulango. Mutu akiingia anamuona uso, na yeye anaona nani amekuya na nani hakukuya. Uso chini ni ya mutu mulevi, ama ya mutu ambaye batu yake bamemuchoka. Ni nani alibafundisha hiyo? Kama ni kitanda haitoshi, sema tu, nitauzisha mihogo. Mugeuze mutoto, Mianda. Usifanye haya.

Ni mi tata yako,
Kalonji


Musonoi, tarehe 17 Januari 2023

Tata,

Moyo wako. Nimefurahi magoti inatembea. Nguruwe umufunge kamba, usipige na jiwe, jirani yako atakuita ku shefu tena kama mwaka jana. Chancelle anakohoa bado lakini anakula. Mi nimechoka, nitasema tu ukweli.

Nimesoma ile umeandika juu ya kulala kwa tumbo. Mi pia, siku ya kwanza niliona hivyo hivyo, nilitaka kupigana. Nilimuambia enfirmie, ule mama anachunga bagonjwa, Laure banamuita, "Mama, kaka yangu si muzoga." Yeye akaniita karibu ya kitanda, akaweka mukono yangu ku mugongo ya Glodi, chini ya bega. Akasema, "Sikia." Mi nilifikiri mapafu iko mbele, kwa kifua, pale tunapigia tukisema "mi". Kumbe sehemu kubwa iko nyuma. Mutu mugonjwa akilala kwa mugongo, moyo inakaa juu ya mapafu, tumbo inasukuma, maji yote inateremuka nyuma, na ile sehemu kubwa inafungwa. Ukimulalisha kwa tumbo, nyuma inafunguka. Nilisikia na mukono yangu, tata. Pumzi ilikuwa inaingia ku mugongo, kidogo kidogo, kama mutu anafungua mulango akiogopa kuamsha batoto.

Kuna kitu bamemufunga ku kidole, inaonyesha namba. Akilala kwa mugongo namba inaanguka na Laure anakunja uso. Akilala kwa tumbo inapanda. Si maneno ya banganga tu, mi mwenyewe nimeikalia na kuiangalia.

Kumugeuza si kazi ya mutu moja. Enfirmie ni moja na bagonjwa ni mingi, basi sisi ba famille njo tunageuza, Laure anatuongoza. Mutu moja anashika kichwa na mupira ya oksijeni, hiyo kazi ni ya Mulumba, hataki mutu mwingine aiguse. Bengine banashika shuka huku na huku. Laure anahesabu, tunavuta pamoja. Mukono moja ya Glodi tunaipandisha kando ya kichwa, ingine tunaiteremusha, kama mutu anaogelea. Muto chini ya kifua, muto chini ya kiuno, tumbo ipate nafasi. Kichwa tunaigeuza upande, na baadaye upande ingine, juu shavu ilianza kutoka kidonda. Akikula uji tunangoja kwanza.

Sasa sikia shida. Anajigeuza. Mi nikitoka kidogo, narudi namukuta kwa mugongo, anaangalia mulango, midomo imekuwa ya bluu. Nilimugombeza sana jana. Akaniambia, na unajua sasa anasema neno moja anapumuzika, "Tata alisema hataki kuona uso yangu. Ona, niko nauficha." Alafu akasema kama atakufa akiwa hivyo, atakufa mu neno yako.

Yeye anaamini, tata. Mutu ambaye alikucheka juu ya mambo ya zamani, sasa anaamini yote. Na juu ya hiyo hawezi kutulia kwa tumbo, na asipotulia kwa tumbo hatapona. Naandika pole pole uelewe. Si oksijeni inapungua hapa, ni neno yako ya kumusamehe.

Utume lupemba. Ile udongo mweupe ya baraka uliyotupaka sisi bote tukienda masomoni, tukienda kuolewa. Yeye njo hukumupaka alipoondoka. Utume, utaona atalala.

Binti yako,
Mianda


Kasaji, tarehe 20 Januari 2023

Mianda,

Moyo wako. Sina mengi, Djafari amewasha kamyo na anapiga honi.

Lupemba njo hii, mu kitambaa. Ni ile ya mama yako, ilibakia mu kopo, sikuigusa tangu tulipomuzika. Uitie maji kidogo tu. Umupake ku paji ya uso na mu kifua, aangalie juu, macho wazi. Useme hivi: "Tata yako Kalonji amesema, neno ilitoka mu kinywa yake, na imerudi mu kinywa yake, ameimeza." Useme na jina yangu yote.

Mwambie nguruwe ya jirani imevunja ile ukuta alijenga yeye. Atacheka.

Tata yako,
Kalonji


Musonoi, tarehe 24 Januari 2023

Tata yangu muzuri,

Moyo wako, moyo wako, moyo wako. Leo naandika nikiwa nimekula, ujue mambo imebadilika.

Lupemba ilifika. Djafari hakuingia ndani, anaogopa lopitali kama mutoto, aliniita ku mulango na kunipa kitambaa na mikono mbili. Nikaingia. Glodi alikuwa kwa tumbo, tulikuwa tumetoka kumugeuza, namba ilikuwa inapanda vizuri. Nilisimama pale na lupemba yako mu sahani. Kumupaka paji na kifua ilikuwa lazima nimurudishe kwa mugongo. Laure akasema hapana, si sasa, mapafu inafunguka, muache. Mi nikafikiri: tata anataka baraka imufikie mutoto. Na mutoto, pumzi yake yote iko ku mugongo sasa. Basi nilimupaka ku mugongo, tata. Pale chini ya mabega, pande mbili, pale Laure aliweka mukono yangu. Nikasema maneno yako na jina yako yote.

Alilia kimya, niliona shuka inalowa. Alafu akauliza ukuta ilivunjika upande gani. Nikamwambia mi sijui, utamuuliza mwenyewe. Akacheka, akakohoa, Laure akanigombeza mi.

Na akalala. Hajajigeuza tena. Mi natoka, narudi, namukuta vile vile, kwa tumbo, na ile lupemba imekauka ku mugongo kama mabawa ya kuku mudogo. Jana bamepunguza oksijeni. Leo alikaa kidogo ku kitanda, akakula uji na akalalamika haina sukari. Munganga alisema, "Kama anaendelea hivi." Hakumaliza, lakini uso yake haikuwa mubaya.

Mulumba anasema wakimutoa, bote mbili banakuya kwako kujenga ile ukuta upya, na kuchimba bamemaliza. Siamini yote, lakini nilimupa sahani ya samaki bure.

Ukiwa na nafasi utume na neno kwa Tata Mwanamuke Godelieve. Dada yako anakuya hapa kila siku na ba mama ba parokia, na hafurahi kuona mutoto anatazama kitanda. Anasema mi nimechukua nafasi yako bila ruhusa. Umutulize wewe, mi hanisikii.

Binti yako anayekushukuru,
Mianda


Kasaji, tarehe 26 Januari 2023

Mwana yangu Mianda,

Moyo wako. Nimefurahi anakula, na nimefurahi ameulizia ukuta. Ilivunjika upande wa choo, umwambie.

Sasa nisikie, na usikasirike. Ulichofanya si kile nilikuambia. Lupemba haipakwi ku mugongo. Mutu unamupa mugongo ukimuacha, na mugongo ya mutu unaiona akienda. Baraka inawekwa mbele, pale macho iko, mutu ajue ni nani anamubariki. Uliweka neno yangu nyuma ya mutoto, kama mutu anamurushia mwizi jiwe.

Nitakuambia kitu mama yako hakutaka tuiseme, juu wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Mwaka ile batu ya huku balitufukuza sisi ba Kasai, turudi kule baba zetu balitoka, tulikaa ku gare ya Kolwezi tukingoja gari ya moshi, famille juu ya famille, mvua inatunyeshea. Tulikuwa na mutoto wa kwanza, Muteba. Alipata surua. Mama yako alimufunga ku mugongo na kitenge, juu hakuna pahali ya kumulaza, na alisimama naye, na mi nilikuwa naenda na kurudi kutafuta maji. Muteba alikufa pale ku mugongo. Hatukujua saa gani. Mama yake alikuwa anaimba bado. Hakuna mutu aliona uso yake akienda, hata mi, hata yeye aliyemubeba. Mama yako aliishi na hiyo mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa ananiuliza, "Unafikiri aliangalia wapi?" Ningemujibu nini?

Basi mi sitaki mutoto mwingine wa nyumba hii akae uso chini, baraka ikiwa nyuma. Natuma lupemba ingine, na safari hii natuma kwa dada yangu Godelieve, na barua yake iko kando. Yeye ni mi. Amugeuze, amupake paji na kifua, aangalie mulango kidogo tu, alafu banganga bafanye ile banataka. Ni kitu ya dakika kidogo. Usimukatalie.

Tata yako,
Kalonji


Musonoi, tarehe 7 Februari 2023

Kwa Tata Kalonji

Moyo wako, tata. Nauliza habari ya magoti juu ni lazima barua ianze hivyo. Chancelle iko. Mi niko.

Djafari alikuambia kwa mudomo kwamba Glodi amekufa, najua alikuambia, alirudi akilia. Tulimuzika Jumatano. Tulikungoja, alafu balituambia daraja imeenda na maji kabisa, inavuka tu mutumbwi, na maiti haingoji daraja. Sasa nakuandikia ile Djafari hajui.

Barua zako mbili zilifika pamoja, Jumamosi jioni. Yangu niliisoma jiko ikiwaka, nikalia juu ya Muteba, mi sikujua nilikuwa na kaka mukubwa. Nikajiambia Jumapili nitaenda mapema kwa Tata Mwanamuke, nitazungumuza naye, tutangoja mutoto apate nguvu, alafu atageuzwa na kupakwa, hakuna mutu anakataa. Lakini Jumapili asubuhi Chancelle aliamka na homa. Nikabaki kidogo kumuogesha na kumulaza tena. Kidogo tu, tata. Ile "kidogo tu" yako na ile "kidogo tu" yangu zilikutana.

Balitoka misa, bakaenda lopitali moja kwa moja, Tata Mwanamuke na ba mama ba parokia, na barua yako mukononi. Laure alikuwa upande wa pili na mugonjwa mwingine. Mulumba alikuwa pale. Aliwaambia hapana, tungoje enfirmie, tungoje Mianda. Dada yako akamuuliza, "We ni nani mu famille hii?" Akasoma barua yako kwa sauti, yote, na ile ya kusema yeye ni wewe. Mulumba akasogea kando. Mutu atajibu nini pale, baba ya mugonjwa amekwisha kusema.

Na Glodi mwenyewe alisema, "Munigeuze." Sitakuficha hiyo. Alitaka. Alisikia barua yako na alitaka kukuonyesha uso.

Ba mama balimugeuza, kila moja akavuta upande yake. Akapakwa paji, akapakwa kifua. Dada yako alisema maneno vizuri, hakuruka hata moja. Banaimba. Glodi akamuambia Mulumba, "Piga picha, ule muzee aone." Mulumba akapiga. Mu picha anacheka. Alafu akaanza kutafuta hewa. Mulumba akapiga kelele arudishwe kwa tumbo, na pale hakuna aliyejua kuhesabu, hakuna aliyeshika kichwa, mmoja anavuta shuka mwingine anamushika mukono na kuomba, na mupira ya oksijeni ikabanwa chini yake. Laure alikimbia. Alipofika alibafukuza bote, akamugeuza yeye na Mulumba peke yao. Walifanya yote. Mi nilifika namukuta kwa tumbo, vile nilivyomuacha, na nikafikiri analala. Ile lupemba yangu ilikuwa bado ku mugongo, imefutika nusu.

Munganga alisema labda angekufa hata bila hiyo, mapafu ilikuwa imeumia sana. Alisema labda ni maji, labda ni moyo. Labda, labda. Naichukia hiyo neno na kila siku naichukua tena.

Ulitaka uso. Mulumba ametoa ile picha ku karatasi, iko mu bahasha hii. Angalia. Lupemba iko pale ulitaka iwe, na macho iko wazi.

Heshima yangu kwako haijaisha, tata, sijui ningeiweka wapi. Lakini usiniandikie kwa sasa. Sitakuwa na kitu ya kujibu.

Mianda


Kasaji, tarehe 13 Februari 2023

Mwana yangu,

Moyo wako. Uliniambia nisiandike. Naandika kidogo tu.

Barua imefika. Picha imefika. Nimemuandikia Godelieve asikulaumu kwa kitu chochote, na asijilaumu na yeye, alifanya ile nilimutuma.

Homa ya Chancelle iliisha?

Tata yako,
Kalonji


Kasaji, tarehe 5 Machi 2023

Mwana yangu Mianda,

Moyo wako, na moyo ya Chancelle. Djafari ananiambia mutoto amepona na anarudi masomoni. Ananiambia pia malewa umeifungua tena na Mulumba anakuchotea maji. Hayo nayachukua kwa Djafari, juu wewe hujaandika, na nilijiambia sitakulazimisha. Ukiona ni vizuri uichome hii bila kuisoma, Djafari hataniambia.

Daraja wamelitengeneza na miti. Magoti iko vile vile. Ukuta nimeanza kuijenga mwenyewe, upande wa choo. Naweka matofali machache, napumuzika.

Nataka kukuambia kitu moja nilifanya, na sikumwambia mutu hapa, watasema muzee amechanganyikiwa. Ilikuwa mchana, nilipomaliza kula. Nilitandika mukeka ndani, nikafunga mulango, nikalala kwa tumbo. Nilichukua barua yako ile ya Januari, nikafanya vile uliandika: muto chini ya kifua, ingine chini ya kiuno, mukono moja juu, moja chini, shavu ku mukeka. Nilifikiri nitaona haya. Nilifikiri nitasikia vile nilisikia ku gare.

Mwanzo nilisikia vumbi tu. Alafu nikasikia pumzi. Ilipanda nyuma, Mianda, chini ya mabega, kabisa pale ulisema. Inafungua, inafunga. Maisha yangu yote nimepumua na sikujua inapita wapi. Nililala vile mpaka jirani akagonga juu ya nguruwe wake, na sikumufungulia.

Muteba alikuwa kwa tumbo, ku mugongo ya mama yake. Hiyo pia nimeifikiri. Kifua yake ilikuwa inashika mugongo ya mutu anayeimba. Ningekuwa na mama yako hapa ningemuambia, alafu angelala.

Uliipaka lupemba pahali pake. Mi njo nilisema ageuzwe.

Sikuombi kitu. Ukipita Kasaji siku moja, mulango iko. Usipopita, nitaelewa, nitaendelea na ukuta.

Picha ya Glodi nimeiangalia siku ile ilifika tu. Anacheka muzuri, ana meno ya mama yenu. Lakini nikiiona pale ku meza, uso juu, macho wazi, naona kama anatafuta hewa bado. Basi nimeigeuza. Nimeilalisha kwa tumbo, ku kitambaa safi, mu dirisha pale upepo unaingia. Na lupemba iliyobaki mu kopo, nimeitia maji kidogo, nimemupaka ku mugongo.

Tata yenu,
Kalonji